Kikandamizio cha maua: eti kosa ni la maua yangu

Sina mazoea ya kuandika kuhusu vitu ninavyonunua, na kikandamizio hiki, yaani mbao zinazokazwa kwa skrubu ili kubana maua kati ya karatasi mpaka yakauke, nisingekiandikia hata mstari mmoja kama si jibu nililopewa na waliokiuza. Hasara yenyewe nilikuwa nimeanza kuimeza. Jibu ndilo lililonikwama kooni.

Nilikinunua kwa ajili ya shada moja tu. Mdogo wangu alipoolewa, miezi kadhaa iliyopita, alinikabidhi shada lake la mawaridi mekundu, asumini na majani ya kangaga, akaniomba nimtengenezee picha ya kutundika ukutani. Maua ya namna hiyo hayana mara ya pili. Kwa hiyo nilisoma kijikaratasi cha maelekezo mara tatu, nikayapanga maua kama nilivyoelekezwa, nikazikaza zile nati nne za pembeni mpaka vidole vikaniuma, nikakiweka kifaa mahali pakavu. Kijikaratasi kilisisitiza kwamba nisifungue kabla ya wiki tatu kwisha. Sikufungua.

Siku ya kufungua, majani yaliyokuwa kwenye pembe yalitoka vizuri kuliko nilivyotarajia: kangaga lilikuwa bapa na jepesi kama bawa la kereng'ende, na ukijani wake bado umo. Nilipofika katikati, harufu ndiyo iliyotangulia, harufu ya tambara lililosahauliwa likiwa bichi. Mawaridi yalikuwa yamegeuka rangi ya udongo na kuota ukungu mweupe wenye manyoya, na petali moja niliyojaribu kuiinua kwa kibanio ilichanika, nusu ikabaki imeng'ang'ania karatasi. Mdogo wangu alikuwa amesimama nyuma yangu. Hakusema kitu, na afadhali angesema.

Chanzo chake hakikuhitaji fundi. Nilikikaza kifaa kikiwa na karatasi zake ndani, nikalaza rula juu ya ubao: katikati iligusa, ncha zake zikacheza juu na chini kama pembea. Mbao zenyewe ni nyembamba mno na skrubu ziko kwenye pembe pekee, kwa hiyo kadiri unavyokaza ndivyo pembe zinavyoshuka na tumbo la ubao linavyonyanyuka. Maua ya pembeni yanabanwa sawasawa, na ya katikati yanakaa tu gizani pamoja na maji yake. Petali isiyogandamana na karatasi haina pa kuyapeleka maji hayo, na ukungu hauhitaji mwaliko zaidi ya huo.

Niliwaandikia waliokiuza, kwa adabu, nikiambatanisha picha ya rula na picha ya mawaridi. Jibu lilikuwa hili: "Tatizo si kifaa, ni maua yako. Yalikuwa na maji mengi." Hakuna salamu, hakuna pole, hakuna swali hata moja. Maua yalikuwa na maji mengi! Kama yangekuwa makavu, kifaa cha kuyakausha ningekinunua ili nikifanyie nini?

Nikiwa mkweli, nami nina sehemu yangu katika hasara hii. Waridi halikandamizwi likiwa zima, kwa sababu kitako chake kinene huzuia karatasi zisikutane na petali zilizofumbatana huhifadhi unyevu. Huchambuliwa petali moja moja, zikakaushwa mbalimbali, kisha ua likaungwa upya kwa gundi juu ya kadi. Karatasi za kunyonya maji nazo hubadilishwa kila siku katika siku za mwanzo, maana hapo ndipo maji mengi hutoka, na iliyokwisha kulowa haina tena uwezo wa kunyonya. Kuhusu rangi, hata ningefanya yote hayo kwa ukamilifu, waridi jekundu likikauka huelekea weusi, na asumini huwa mepesi kugeuka rangi ya chai. Haya niliyajua baadaye, kwa kuhangaika mwenyewe. Lakini ikiwa hayo ndiyo mambo ya msingi, kwa nini kijikaratasi kile kilichonikataza kufungua hakikuyataja hata kwa neno moja? Ningefungua siku ya pili tu, huenda ningeyaokoa.

Sasa naomba mnivumilie, maana hapa najikanganya. Kifaa sikukitupa. Nilitafuta kipande cha ubao mnene usiopinda, kidogo kuliko zile mbao zake, nikakiweka ndani juu ya rundo la karatasi ili kibebe kule katikati, nikajaribu bogainvilia. Zile sehemu zake za rangi, ambazo wengi huzidhani kuwa petali, ni majani yanayozunguka viua vidogo vyeupe; ni membamba na yana maji kidogo, kwa hiyo hayana matata. Baada ya kama wiki moja yalitoka na rangi yake ya zambarau kana kwamba yameng'olewa mtini asubuhi hiyo. Na lazima niseme kwamba karatasi zilizokuja na kifaa ni nzuri kwelikweli: hazikuacha hata alama moja juu yake, tofauti na shashi za jikoni nilizokuwa nikizitumia zamani, ambazo huziachia petali alama za vinundu vyake vyote. Kadi niliyoitengeneza kwa bogainvilia hiyo mdogo wangu ameichukua, na ameagiza nyingine tatu.

Picha yake ya ukutani nayo ipo, imo ndani ya fremu. Ni kangaga tupu.

Kwa hiyo nilikuwa tayari kukipa nyota tatu, labda nne kwa atakayekuwa na kipande chake cha ubao. Nilikuwa nimekwisha kuiandika hiyo tatu, nikarudi kulitafuta lile jibu ili nilinukuu neno kwa neno, nikalisoma tena. Nyota moja.