Skrini ya Inchi 27 Inahitaji Tableti ya Kuchorea ya Ukubwa Gani?

Ndugu mtazamaji, hapa mezani kwangu Area C, Dodoma, iko skrini ya inchi 27, na mbele yake nimelaza tableti tatu za kuchorea zisizo na kioo, yaani kalamu inapita juu ya tableti na mchoro unaonekana kwenye skrini, zote za kampuni ya Wacom: Intuos ndogo, Intuos ya kati, na Intuos Pro kubwa ambayo nimeiazima kwa mwenzangu kwa ajili ya uchambuzi huu. Vijana wanaoingia katika kazi ya usanifu wa picha huniuliza kama skrini kubwa inadai tableti kubwa. Inadai kweli, lakini si kwa sababu wanayoidhania, wala si kwa kiasi cha kumfanya mtu akope fedha.

Tuanze na vipimo. Ninapopima tableti, ninapima eneo la kuchorea peke yake, yaani pale ambapo kalamu husomwa, na kuuacha ukingo wa plastiki unaolizunguka. Eneo la ndogo ni milimita 152 kwa 95, karibu sawa na karatasi ya A6. La tableti ya kati ni milimita 216 kwa 135, limekaribia A5, ambayo ni nusu ya A4. La kubwa ni milimita 311 kwa 216, limeizidi A4 kidogo. Skrini yenyewe, ambayo inchi zake 27 hupimwa kwa mshazari, ina upana wa takribani milimita 598 na kimo cha 336.

Kalamu ya tableti haiendi kama kipanya. Kipanya unaweza kukinyanyua, ukakirudisha nyuma na kuendelea, ilhali kwa kalamu kila sehemu ya tableti imefungwa na sehemu yake ya skrini, kona kwa kona. Kwa hiyo milimita moja ya mkono wako inakuwa karibu milimita nne kwenye skrini hii ukitumia tableti ndogo, milimita mbili na nukta nane ukitumia ya kati, na pungufu ya milimita mbili ukitumia kubwa. Mtikisiko wa mkono nao unakuzwa kwa kiwango hichohicho.

Tazama mfano huu. Nina lebo ya chupa ya juisi ya zabibu, kazi ambayo kwa mji wetu haikosekani, na juu yake ninataka tawi jembamba la mzabibu litambae kutoka ukingo wa kushoto hadi wa kulia kwa mstari mmoja. Kwa tableti ndogo, tawi lote linatoka kwenye kifundo cha mkono; vidole havijasogea vya kutosha na tayari mstari umefika mwisho, na mkisogeza macho mtaona vijipindo vitatu hapa katikati ambavyo sikuvikusudia. Kwa tableti ya kati, kifundo kinaanza na mkono wa mbele unasaidia, na pindo moja tu limebaki. Kwa kubwa, mstari umetoka safi, lakini nimelazimika kuuendesha kwa kiwiko na bega, jambo ambalo mtu aliyezoea kuandika kwenye daftari hujifunza kwa wiki kadhaa, na siku za kwanza bega humuuma.

Wauzaji wengi watakuelekeza kwenye namba nyingine, idadi ya mistari ambayo tableti inaisoma katika kila inchi. Msibabaishwe nayo. Intuos ndogo inasoma mistari 2,540 kwa inchi, yaani mistari 100 katika kila milimita, hivyo upana wake wa milimita 152 unatoa nafasi 15,200, wakati skrini kali ya aina ya 4K ina pikseli, yaani nukta ndogo zinazounda picha, 3,840 tu kwa upana. Chombo hakijapungukiwa. Kinachopungukiwa ni mkono, kwa sababu milimita moja kwenye tableti hiyo inabeba pikseli 25, kwenye ya kati 18, na kwenye kubwa 12. Ukivuta mchoro karibu kabla ya kuchora sehemu ndogondogo, tofauti hiyo hupungua sana, na ndiyo maana wapo wachoraji hodari ambao hawajawahi kuiacha tableti ndogo.

Lipo kosa moja ambalo watu huilaumu tableti bure. Eneo la Intuos ya kati lina uwiano wa 16 kwa 10, na skrini nyingi ni 16 kwa 9. Tableti nzima ikienezwa juu ya skrini nzima, kila kitu kinatanuka kwa upana. Nilipoweka mchoro wa penseli juu ya tableti na kuufuatisha kwa kalamu, zabibu zangu zilizokuwa duara zilitoka kama mayai yaliyolala. Ingia kwenye mipangilio ya kalamu, uamuru uwiano ufuatwe; utapoteza ukanda wa milimita 13 na nusu upande wa chini, na eneo lako litabaki milimita 216 kwa 121 na nusu. Kwa hiyo mnapolinganisha bidhaa, pimeni kile kitakachobaki baada ya marekebisho hayo.

Mwenye skrini mbili ana hesabu nyingine. Kama zinalingana na tableti ya kati imegawanywa kwa zote, kila moja inapata milimita 108 za upana, ambazo ni chini hata ya tableti ndogo. Ifungeni kalamu kwenye skrini moja ya kuchorea, na ile nyingine iendesheni kwa kipanya.

Kuhusu skrini ya inchi 32, msiongeze tableti kwa haraka. Kama zote mbili ni 4K, idadi ya pikseli kwa milimita ya mkono haibadiliki, na mtu akirudisha kiti nyuma kidogo, jicho halioni tofauti kubwa. Anayekaa na pua karibu na kioo ndiye atakayeisikia.

Kwa skrini hii ya inchi 27 mimi ninachagua ya kati. Aina kama Huion H610 Pro na XP-Pen Deco 01, zenye eneo la takribani milimita 254 kwa 159, zinaingia vizuri katika nafasi hiyo hiyo, na kwa mtu wa mistari mirefu huenda zikamfaa zaidi. Kubwa ninamshauri mchoraji aliyezoea kuchora kwa mkono mzima na mwenye meza ya kudumu, kwa kuwa umbo lake lote lina upana wa milimita 430, haliingii katika begi la kawaida, na hapa kwetu kitu kinachoshinda mezani wakati wa upepo wa Julai kinahitaji kitambaa cha kukifunika, la sivyo vumbi litaikwangua sura yake na kuila ncha ya kalamu.

Kabla hujatoa fedha, chukua karatasi ya A4 na nyingine ya A5, uzibandike moja baada ya nyingine mbele ya kibodi yako pale utakapoiweka tableti, kisha uchore juu yake kwa penseli kwa dakika ishirini huku ukiangalia skrini badala ya karatasi. Angalia mkono unapogonga kibodi, angalia kiwiko kinapoishiwa meza. Mimi A4 ilinigonga kwenye kikombe cha chai mara mbili.