Fildi Dar kwa bumu la kuhesabu: nilikokwenda, na nisikokushauri

Kila Julai Dar es Salaam hujaa wanafunzi wa vyuo kutoka Dodoma, Mwanza, Mbeya na Iringa waliokuja fildi, yaani mafunzo kwa vitendo. Jumatatu hadi Ijumaa ni ofisini, kupanga mafaili na kutumwa fotokopi. Jumamosi ndipo swali linapokuja: uende wapi, na kwa hela ipi? Mimi nasoma Dodoma, nilifikia kwa mama mdogo Kimara, na bumu, yaani hela ya mkopo wa chuo, lilikuwa limeshaanza kukata. Kwa hiyo haya ni maoni ya mtu wa daladala. Mtalii mwenye gari la kukodi atapata ya kwake kwingine.

Mzigo wa kwanza niutue mapema: maduka makubwa yenye viyoyozi achana nayo. Wenzangu wa fildi ndiko wanakokwenda wikiendi ya kwanza, wanapiga picha kwenye ngazi za umeme, wananunua aiskrimu kwa bei ya wali samaki, wanarudi nyumbani wakisema wameiona Dar. Hawajaiona.

Anza na maji. Panda basi la mwendokasi kutoka Kimara mpaka mwisho wa njia, Kivukoni, kisha vuka kwa miguu kwenda Kigamboni na pantoni. Nauli ni shilingi 200. Dakika chache tu na umefika, lakini kwa mtu wa bara hakuna matembezi ya mjini yanayolingana nayo. Geti likifunguliwa watu wanatiririka kwa pamoja: mama mwenye beseni kichwani, vijana na baiskeli, bajaji, mkokoteni wa matenga matupu, malori nyuma. Simama ubavuni, si katikati. Hapo ndipo unapoona mlango wa bandari ulivyo mwembamba, na kama una bahati meli ya makontena inapita karibu kiasi kwamba unainua shingo. Ukigeuka nyuma unaliona jiji lote kwa mkupuo mmoja, maghorofa ya vioo na chini yake mnara wa kanisa la Azania Front ambalo Wajerumani walilijenga mwishoni mwa karne ya 19. Simu iweke mfuko wa mbele. Usiende jioni ya siku ya kazi, maana hapo pantoni si ya matembezi, ni ya watu waliochoka wanaorudi makwao. Kumi kwa kumi.

Ukirudi ng'ambo ya mjini, Soko la Samaki la Feri liko palepale. Hapa kuna siri moja ambayo ni saa. Asubuhi mapema ndio mnada. Mchana unakuta mabaki na harufu. Nilimtazama dalali mmoja ameshika jodari kwa mkia, samaki mwenyewe urefu wa mguu wangu, anaimba bei huku wanunuzi wakijibu kwa nyusi. Nyusi tu! Sikuelewa nani alikuwa amenunua mpaka jodari alipoanza kuburutwa. Mwanafunzi hanunui jodari mzima, bali vibua au changu wadogo. Ujue kwamba kazi zimegawanywa: huyu anauza samaki, yule anawatoa magamba na utumbo, mwingine yuko kwenye karai kubwa la mafuta anakaanga, na kila mmoja ana hela yake. Uliza bei ya kila hatua kabla hujamkabidhi mtu samaki wako. Vaa viatu usivyovipenda, sakafu ina maji muda wote. Supu ya pweza inauzwa kwenye vikombe, na wauzaji wana maneno yao kuhusu kazi yake mwilini ambayo siwezi kuyaandika hapa, mama mdogo anasoma.

Kutoka Feri unaweza kuzunguka mji mkongwe kwa miguu bila kutoa hata jero. Kuna Boma la Kale, jengo la zama za Sultani Majid, miaka ya 1860, lenye milango ya kuchonga. Kuna Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu. Kuna sanamu ya Askari katika makutano ya Samora na Azikiwe, iliyosimamishwa na Waingereza mwaka 1927 kuwakumbuka askari wa Kiafrika wa Vita Kuu ya Kwanza. Kabla ya hapo palikuwa na sanamu ya Wissmann, gavana wa Kijerumani, ambayo Waingereza waliiondoa baada ya kuuteka mji mwaka 1916. Watu wanapita pale mbiombio kila siku na hakuna anayeinua macho.

Halafu Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert. Nenda na kitambulisho cha chuo. Nilicholipa mimi hakikufika bei ya sahani ya chipsi kuku. Zinjanthropus, yule zamadamu wa historia ya kidato cha kwanza ambaye Mary Leakey alimgundua Olduvai mwaka 1959, ndiye huyu hapa. Umri wa miaka milioni 1.75 ni namba tu mpaka usimame mbele ya lile fuvu uone meno ya nyuma yalivyo mapana. Yapo pia magari yaliyotumiwa na viongozi wa nchi, na nje kuna kumbukumbu ya waliokufa katika shambulio la ubalozi wa Marekani la tarehe 7 Agosti 1998. Wengi wetu tulikuwa hatujazaliwa. Kaa kidogo.

Watu huchanganya hapo na Kijiji cha Makumbusho, ambacho kiko mbali, barabara ya Bagamoyo karibu na stendi ya daladala ya Makumbusho. Kule ni nyumba za asili za makabila mbalimbali zilizojengwa kwa ukubwa wake halisi. Nenda na wenzako wa mikoa tofauti, maana raha yake ni ubishi. Rafiki yangu Mhaya aliingia kwenye msonge akaanza kutueleza nani analala wapi kana kwamba ni kwao kabisa, sisi tunamcheka. Mimi nilikwenda kwenye tembe la Wagogo, ambalo Dodoma nalipita vijijini nikiwa ndani ya basi na sikuwahi kuingia.

Ukipenda sanaa, fika Morogoro Stores, Oysterbay, kwa wachoraji wa Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alianza uchoraji huu mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi ya kung'aa inayopakwa baiskeli, juu ya vipande vya ubao. Aliuawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972, na ndugu na wanafunzi wake wakaendeleza. Kutazama ni bure. Nilisimama nyuma ya mchoraji aliyekuwa akitia madoa ya kanga mmoja mmoja kwa ncha ya brashi nyembamba, mkono hautikisiki, na anapiga soga na jirani yake kuhusu Simba na Yanga. Picha ndogo zipo za bei ya kuvumilika, lakini usiulize bei kama huna nia. Ni adabu tu.

Coco Beach sasa. Mtanichukia, lakini naipa tano kwa kumi. Jumapili jioni watu ni wengi, muziki kila kibanda na wimbo wake, na bahari ikipwa unabaki na miamba. Kuogelea sikushauri, hasa kama maji ya bwawa la Mtera ndiyo yaliyokufunza. Hiyo tano yote ni ya mihogo: ya kukaanga, moto, imepasuliwa, na kachumbari na pilipili ya ukwaju juu. Kula, tembea kidogo, panda daladala.

Hela niliyoitunza niliipeleka Mbudya, na sijutii. Ni kisiwa kisichokaliwa na watu, ndani ya hifadhi ya bahari iliyotengwa tangu 1975 pamoja na Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini. Boti za Mbudya ziko Kunduchi, za Bongoyo ziko upande wa Masaki. Peke yako utaumia. Kusanyeni kundi, mpatane bei ya boti kwenda na kurudi, na mkumbuke kuwa kiingilio cha hifadhi ni kitu kingine, na Mtanzania ana bei yake. Nahodha mmoja alitutajia bei ya wageni mpaka mwenzetu alipomjibu kwa Kisukuma, wakacheka wote wawili, bei ikashuka. Julai na Agosti kusi linavuma, kwa hiyo tokeni asubuhi kabla upepo haujachachamaa, na chochote kisichotakiwa kulowa kifungwe kwenye mfuko usiopitisha maji. Mkifika tu, agizeni samaki na chipsi, kwa sababu anakaangwa mmojammoja na wenye njaa ni wengi. Wakati mnasubiri, maji ni ya kijani kibichi mpaka unaona vidole vyako vya miguu, na upande wa juu kuna mibuyu.

Bagamoyo nako kunafikika kwa basi dogo kutoka stendi ya Makumbusho, kama kilomita 70, na kuna magofu ya Kaole na Boma la Wajerumani. Ni siku nzima, usiibane na Mbudya wikiendi moja. Na huko Mbudya, muda wa boti ya kurudi mkubaliane kabla hamjamlipa nahodha hela yote.