Kumtafuta Kijana Aliyekufa kwa Malaria: Huduma ya Tume ya Makaburi ya Vita

Kwa majuma mawili nimeitumia huduma ya intaneti ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola kumtafuta kijana wa Afrika Kusini aliyejiunga na jeshi kwa hiari yake, akaja huku kwetu Afrika Mashariki kupigana na Wajerumani katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, na asirudi. Nilichokuwa nacho ni picha moja iliyofifia, yenye jina la ukoo na herufi mbili nyuma yake.

Huduma ni ya bure na haina mzunguko. Ukijaza jina la ukoo, kikosi na mwaka, unapewa cheo, namba ya jeshi, tarehe ya kufa, na makaburi alimozikwa hadi namba ya kaburi lenyewe. Usiandike jina la kwanza kwa kirefu, maana kumbukumbu nyingi zina herufi za mwanzo tu. Kijana wangu alikuwa na miaka 19, na baada ya majina ya wazazi wake paliandikwa kwamba alikufa kwa malaria. Maelezo kama hayo kwa kawaida yalitoka kwa jamaa wenyewe. Pale ambapo hawakujibu barua za Tume, mara nyingi sababu ya kifo haionekani humo.

Ninachokisifu zaidi ni kwamba Tume hii, iliyoundwa mwaka 1917, haimbagui aliyeuawa na homa. Askari yeyote aliyefariki akiwa kazini kati ya tarehe 4 Agosti 1914 na 31 Agosti 1921 anahesabiwa, awe alipigwa risasi au aliharisha damu hadi kufa. Kwa vita vya Afrika Mashariki jambo hilo ni kubwa: kikosi cha 9 cha askari wa miguu wa Afrika Kusini kilianza Februari 1916 na watu 1,135, na kufikia Oktoba waliobaki wazima walikuwa 116, ingawa mapigano yenyewe yalikuwa machache.

Namba niliyopewa ilinifikisha bila kuuliza mtu kwenye makaburi ya Barabara ya Bagamoyo, Dar es Salaam, ambako mabaki yaliyokuwa Ocean Road yalihamishiwa mwaka 1968 kupisha ujenzi wa barabara. Ilikuwa asubuhi, na umande ulikuwa bado umelala juu ya jina lake.

Naipa nyota nne. Nyota moja naizuia kwa sababu ya wapagazi, waliokufa kwa maradhi hayo hayo, na ambao wengi wao hutawapata humo hata ukijua majina yao. Mwaka 2021 Tume yenyewe ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao Waafrika, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Kambi yao hapa Dar es Salaam ilituachia jina la Kariakoo, kutokana na maneno ya Kiingereza Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi. Kijana wangu amepatikana; ikiwa alibebwa kwa machela siku zake za mwisho, huenda waliombeba hawamo.