Miezi minane na Plausible upande wa seva: uzoefu wangu

Mtumiaji mmoja wa programu yetu aliniandikia mistari miwili: "Nikifungua ukurasa wa dawa yangu, nani mwingine anajua kwamba nimeufungua?" Programu yenyewe ni ya wavuti, inawakumbusha watu wenye matibabu ya muda mrefu saa za kumeza dawa na siku za kurudi kliniki. Nilianza kumjibu kwamba hakuna mwingine anayejua, nikasita. Kila ukurasa wetu ulikuwa na kipande cha JavaScript, yaani msimbo unaoendeshwa ndani ya kivinjari, cha huduma ya takwimu ya nje, na kipande hicho kilikuwa kikipeleka anwani ya ukurasa, jina la dawa likiwa ndani yake, kwenye seva ambazo mimi mwenyewe sizijui. Nilimweleza ukweli, nikamwomba radhi, na siku hiyo hiyo nikakiondoa.

Wiki tatu tulikaa bila takwimu yoyote. Katika wiki hizo tulibadilisha fomu ya kujisajili, na kwenye simu zenye kioo kidogo kitufe cha mwisho kikawa hakionekani. Watu walikuwa wanaifungua fomu na kuiacha, nasi hatukujua mpaka mmoja alipolalamika. Kwa hiyo sisemi takwimu hazina kazi. Nilitaka kujua kurasa zinatumikaje bila kujua nani kazitumia.

Nilianza na GoAccess, programu huria inayosoma logi za seva, yaani kumbukumbu za kila ombi lililofika, na kukupa jedwali papo hapo. Ni nyepesi mno, inaendeshwa kwa amri moja, na ina chaguo la kuficha sehemu ya anwani za IP, zile namba zinazotambulisha kifaa au mtandao. Kwa tovuti ndogo ya kurasa za kusoma tu ningeishia hapo bila kujuta. Ila sisi tulitaka kuhesabu matukio, kwa mfano mtu amekamilisha usajili au ameweka kikumbusho cha kwanza, na mambo hayo hayasomeki vizuri kwenye logi.

Ndipo nikahamia Plausible, programu ya takwimu za tovuti, kwa toleo lake la jamii ambalo unalisimika mwenyewe. Ni chanzo huria chini ya leseni ya AGPL, linakuja kwa Docker, mfumo wa kuendesha programu zikiwa zimefungashwa tayari, na ndani yake kuna hifadhidata mbili: Postgres kwa akaunti na mipangilio, ClickHouse kwa matukio. Maelezo yake yanapendekeza angalau GB 2 za RAM. Mimi nililiweka kwenye seva yenye GB 1 nikidhani itatosha kwa kuwa wageni wetu si wengi, na ClickHouse ikawa inazimwa kila baada ya saa chache. Kosa langu. Baada ya kuhamia seva kubwa zaidi sijaigusa tena ila wakati wa kusasisha.

Kilichonivutia ni namna inavyotambua wageni. Haiweki vidakuzi. Inachukua anwani ya IP, jina la kivinjari, jina la tovuti yako na "chumvi", yaani herufi za siri zilizochaguliwa kwa bahati nasibu, inavisaga pamoja kuwa heshi moja, msimbo usioonyesha vilivyosagwa, kisha anwani ya IP haihifadhiwi. Chumvi hubadilishwa kila siku na ya zamani hufutwa. Hiyo chumvi ndiyo yenye uzito. Nimeona watu wakijisifu kwamba wanahifadhi heshi ya IP peke yake na kuiita faragha. Anwani zote za IPv4 ni takriban bilioni 4.3, na kompyuta ya kawaida inaweza kuzisaga zote moja baada ya nyingine kwa muda mfupi ikapata ipi ni ya nani. Chumvi ikishafutwa, njia hiyo ya kurudi nyuma inafungwa.

Gharama yake ni kwamba mtu akija Jumatatu na Jumanne anahesabiwa kuwa watu wawili. Idadi ya wageni wa mwezi mzima kwa hiyo huwa kubwa kuliko watu halisi. Upande mwingine, watu wengi wa mtandao mmoja wa simu hutoka kwa anwani moja ya IP, na Chrome ya Android siku hizi haitaji tena aina ya simu kwenye jina la kivinjari, hivyo watu wawili tofauti wanaweza kuonekana mmoja. Nimeacha kuziamini hizi namba kama sensa. Naziangalia kama maji ya mto, yanapanda au yanashuka.

Sasa upande wa seva. Njia ya kawaida ya Plausible ni kuweka kipande kidogo cha JavaScript kwenye ukurasa. Ina njia nyingine: seva yako yenyewe inatuma ombi la POST, yaani la kupeleka data, kwenye anwani ya /api/event ya Plausible, likiwa na jina la tukio, anwani ya ukurasa na jina la tovuti. Kivinjari cha mgeni hakipakii chochote cha ziada wala hakizungumzi na mtu mwingine yeyote. Kwetu hili lilikuwa la maana kuliko yote, kwa sababu sasa mimi ndiye ninayechagua kila neno linalotoka.

Siku ya kwanza dashibodi ilinionyesha mgeni mmoja tu, amefungua kurasa mia nne na kitu. Nilitafuta hitilafu kwa saa mbili. Kumbe ombi lilikuwa linatoka kwa seva yetu, kwa anwani ya IP ya seva na jina la maktaba ya Python niliyotumia, hivyo kila mtu alipata heshi ile ile. Lazima upeleke heda mbili, yaani maelezo yanayoambatana na ombi, wewe mwenyewe: User-Agent ya mgeni, yaani jina la kivinjari chake, na X-Forwarded-For yenye anwani yake. Na kwenye hiyo ya pili, chukua anwani iliyowekwa na proksi yako mwenyewe, ile seva ya mbele inayopokea maombi kwanza, usichukue chochote kilicholetwa na mgeni, kwa kuwa yeyote anaweza kuandika humo anachotaka.

Kosa la pili lilikuwa kutuma ombi hilo kabla ya kumrudishia mgeni ukurasa wake. Siku seva ya takwimu ilipokuwa inawashwa upya, programu nzima ilisuasua. Mtu anayetaka kujua kama amekwisha meza dawa yake anasubiri kwa sababu mimi nahesabu! Nimelihamishia kwenye foleni, nikaliwekea ukomo wa sekunde 2, na likishindikana linatupwa. Takwimu ikipotea na ipotee.

Kuhusu anwani za kurasa nitasema kwa kirefu, maana hapo ndipo nilipokuwa nimejidanganya kwamba kazi imekwisha. Wiki ya pili nilikuwa napitia orodha ya kurasa zilizofunguliwa sana, nikashuka mpaka chini kabisa kwenye zile zenye mgeni mmoja mmoja. Nikaona mstari mrefu wa herufi na tarakimu. Kilikuwa kiungo cha kubadilisha nywila cha mtu fulani, kizima, pamoja na msimbo wake wa siri. Plausible hukata vigezo vinavyofuata alama ya kuuliza, lakini misimbo yetu imo ndani ya njia yenyewe ya anwani, na mimi ndiye niliyeituma. Chini yake zikafuata kurasa za dawa, kila moja kwa jina lake, na moja ilikuwa ya dawa ambayo kwa watumiaji wetu wachache ingeweza kumtambulisha mtu.

Hakuna chumvi inayosaidia hapo. Unaweza kusaga IP upendavyo, kama anwani ya ukurasa inasema jina la ugonjwa na saa iliyofunguliwa, umekwisha kusema mengi. Siku hiyo nilisimamisha kila kitu, nikafuta data, nikafuta na nakala za akiba zilizoibeba, kisha nikageuza utaratibu. Sasa seva haitumi anwani halisi, inatuma umbo lake tu: "/dawa/jina", "/nywila/badilisha". Na inafanya kazi kwa orodha ya ruhusa: ukurasa ambao haumo kwenye orodha hautumwi kabisa. Mwanzoni nilikuwa na orodha ya marufuku, nikaiacha, kwa sababu mwenzangu akiongeza ukurasa mpya na kusahau kuutaja, ni afadhali tukose hesabu kuliko kuvujisha siri ya mtu. Chanzo alichotoka mgeni nakikata pia, nabakiza jina la tovuti. Mahali nimeacha kwenye nchi tu, sikuwasha kiwango cha mji.

Jambo jingine lilinikosesha usingizi kidogo. Watu wengi husimika vizuia-matangazo, na vizuizi hivyo huzuia pia vipande vya takwimu. Ukihesabu kwenye seva, havina la kuzuia. Nimesoma wengi wakilitaja hili kama faida kubwa, kwamba hatimaye unapata "data kamili". Mimi silioni hivyo. Aliyeweka kizuizi amesema hataki kufuatiliwa, na kumhesabu kwa mlango wa nyuma ni kulipuuza neno lake. Hatuwezi kujua nani ana kizuizi, ila baadhi ya vivinjari hutuma heda ya Sec-GPC, inayosema mtumiaji hataki data yake iuzwe au igawiwe: Brave na DuckDuckGo huituma bila kuombwa, Firefox ukiiwasha. Ombi lenye heda hiyo, au ile ya zamani ya DNT ("usinifuatilie"), kwetu halifiki hata kwenye foleni. Mstari mmoja wa msimbo.

Kisha kuna logi. Baada ya usafi wote huo nilikumbuka kwamba Nginx, programu ya seva inayopokea maombi ya wageni wetu, kwa mpangilio wake wa kawaida, huandika anwani nzima ya IP na anwani nzima ya ukurasa kwa kila ombi, na sisi tulikuwa tunaziweka logi hizo kwa miezi. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilishaamua mwaka 2016, katika kesi ya Breyer, kwamba hata IP inayobadilika inaweza kuwa data binafsi, lakini sikuhitaji mahakama kuona tatizo langu. Sasa sehemu ya mwisho ya IP inakatwa kabla ya kuandikwa, na logi hufutwa baada ya siku 7.

Mapungufu yapo na mengine ni ya kudumu. Seva haioni mtu akirudi ukurasa wa nyuma uliohifadhiwa na kivinjari, haijui amekaa dakika ngapi wala amesoma mpaka wapi. Kama programu yako inabadilisha kurasa ndani ya kivinjari bila kuiuliza seva, njia hii itakuonyesha kipande tu cha hali halisi. Boti nazo, programu zinazozunguka mtandaoni zenyewe, zinaongezeka: zile zisizoendesha JavaScript hapo awali hazikuhesabiwa, sasa zinabisha hodi kwenye seva kama wageni, na zinazojificha kwa jina la kivinjari cha kweli hupita kichujio. Toleo la jamii pia halina ile kazi ya kuonyesha watu wanaachia hatua ipi kati ya kadhaa, hivyo kwa fomu ya usajili nahesabu matukio mawili, kuanza na kumaliza, na kutoa moja kwa jingine mwenyewe. Inanitosha.

Ningeipendekeza kwa yeyote ambaye kurasa zake zinatengenezwa kwenye seva na ambaye ana subira ya kupitia kila anwani anayoituma. Asiye na muda wa kutunza seva na aachane na toleo la jamii, achukue lile linaloendeshwa na kampuni yenyewe.

Yule mtumiaji nilimwandikia tena kazi ilipokamilika, nikamweleza nini kinahesabiwa na nini hakihesabiwi. Alijibu kwa swali: "Na zile za zamani?" Zile zilizokwisha kwenda kwenye huduma ya awali nimeomba zifutwe, na nimejibiwa kwamba ombi limepokelewa. Nikamweleza hivyo hivyo, neno kwa neno.