Hita za maji za sola: paneli bapa au mirija ya kioo?

Vipeperushi vya hita za sola hupenda kutaja digrii 200. Namba hiyo si uongo, ila ni joto la paneli iliyoachwa juani bila maji kupita ndani yake. Ukitaka kujua ipi inakufaa, angalia maji yako yanatakiwa kuizidi hewa ya nje kwa digrii ngapi. Hapo ndipo aina hizi zinapoachana.

Paneli bapa ni sanduku la aluminiamu, kwa kawaida la mita 2 hivi za mraba. Juu lina kioo kigumu cha milimita 3 au 4, ndani bati jeusi lililochomelewa mabomba ya shaba, na chini sufi ya kuzuia joto. Hupoteza takriban wati 4 kwa kila mita ya mraba kwa kila digrii ya tofauti. Maji yakiizidi hewa kwa digrii 20, zinapotea wati 80 kati ya 1,000 za jua kali, na hilo halisumbui. Tofauti ikifika 60 zinapotea 240, na siku ya mawingu hapo hubaki kidogo sana. Kwa maji ya kuoga na kuoshea vyombo mahali penye joto, tunaipendekeza hii bila kusita: haivunjiki ovyo, na fundi bomba wa kawaida anaimudu.

Ukifika dukani, igeuze uangalie matundu madogo ya kupumulia kwenye fremu. Yakiziba, unyevu hukwama ndani. Ukungu wa asubuhi unaotoweka jua likipanda ni kawaida. Matone yanayokaa kutwa maana yake raba imeachia au matundu yamezibwa, na sufi ikishalowa haizuii joto tena.

Mirija ina tabaka mbili za kioo, mara nyingi milimita 58 nje na 47 ndani, na katikati ni ombwe, yaani nafasi isiyo na hewa. Hasara yake kwa kipimo kilekile ni wati 1 hadi 2 tu, hivyo inashinda kwenye baridi, upepo, au kazi inayohitaji maji ya digrii 70 na zaidi. Muuzaji asichokuambia ni kwamba kati ya mrija na mrija kuna nafasi tupu isiyovuna jua. Uliza eneo linalopokea mwanga, usipime ukubwa wa fremu. Tena theluji huganda juu yake kwa muda mrefu, kwa kuwa kioo cha nje hakipati joto la kuiyeyusha.

Kila mrija una doa la rangi ya fedha kwenye ncha ya chini. Hiyo ni bariamu, aina ya metali. Doa likigeuka jeupe kama maziwa, hewa imeingia na ombwe limekwisha; mrija huo ubadilishwe.

Mirija inayojaa maji ni rahisi kwa bei, lakini mmoja ukipasuka tangi lote linamwagika, na haifai kuunganishwa na maji yenye presha kubwa. Yenye fimbo ya shaba ndani, iliyofungiwa kimiminika kidogo, ni bora: kioo kikivunjika hakuna kinachovuja. Ijaribu kwa kutumbukiza ncha ya chini kwenye maji moto; kichwa cha juu kinapaswa kupata joto ndani ya dakika moja hivi. Fimbo hizo nyingi zinahitaji mwinamo wa digrii 20 au zaidi ili kimiminika kirudi chini, kwa hiyo usizilaze kwenye paa bapa.

Mikeka myeusi isiyo na kioo inatosha kwa bwawa la kuogelea. Paneli za hewa ni za kukaushia mazao. Vioo vilivyopinda vya kukusanya jua ni vya viwanda na mitambo ya umeme. Nyumbani havina kazi.

Malalamiko mengi kuhusu hita hizi chanzo chake ni ufungaji. Kwa mfumo usio na pampu, kitako cha tangi kiwe juu ya paneli, sentimita 30 au zaidi kama tangi limetenganishwa nayo, la sivyo usiku maji moto yatarudi kupoea kwenye paneli. Bomba la maji moto lipande mfululizo hadi tangini. Likishuka hata kidogo, hewa itakwama kwenye kona na mzunguko utasimama. Vali ya usalama haina mjadala. Hesabu lita 40 hadi 50 za maji moto kwa mtu kwa siku, na mita 1 ya mraba kwa kila lita 50 hadi 75 za tangi.

Mirija ya maji ijazwe alfajiri au ikiwa imefunikwa. Maji baridi yakikutana na kioo kilichoungua juani tangu asubuhi, kinapasuka papo hapo, na dhamana nyingi hazilipi hasara hiyo.