Tahadhari: anayekuuzia sakulenti zenye madoa ndiye huyohuyo anayekuuzia "dawa"

Wapenzi wa maua wa Dar, habari za majukumu. Naandika hii kabla masika hayajakolea, maana huo ndio msimu wa mavuno wa huyu mtu. Nimepigwa. Hela yenyewe si ya kulilia sana, 45,000 ya mimea na 15,000 ya dawa, ila kinachoniuma ni kwamba mara ya pili nilimfuata mwenyewe, nikamlipa, na asante juu.

Ilikuwa hivi. Ni muuzaji wa mtandaoni, hana bustani wala kibanda barabarani. Ukimuuliza yuko wapi anakujibu "nipo Dar mpenzi, napeleka popote". Nikachukua sakulenti, ile mimea ya majani manene yanayotunza maji: echeveria mbili, zile ambazo majani yake yamejipanga kama ua, na mshubiri mmoja mdogo wa mapambo. Boda akanikuta Tabata jioni nimetoka kazini, umeme wenyewe hafifu, mimea inang'aa utadhani imepigwa polishi ya viatu. Nikajisemea, huyu kweli anatunza.

Hapo ndipo nilipotakiwa kushtuka. Echeveria nyingi nzima haziwaki hivyo. Zina unga mwembamba wa nta juu ya jani, ukigusa tu kidole kinaacha alama. Unga huo ndio unaolikinga jani na jua na kufanya maji yateleze. Ukifutwa kwenye jani lililokomaa, ndiyo basi tena. Siku ya tatu nikachukua tishu nyeupe nikafuta jani moja, tishu ikawa kama gazeti lililofungia maandazi. Mafuta! Na chini ya mafuta, vidoa vya kahawia vya ukubwa wa kichwa cha pini, kila kimoja kimezungukwa na duara la njano. Mng'ao wote ule ulikuwa wa kuficha hivyo.

Nikayapiga picha majani, nikamtumia muuzaji. Hakubisha hata kidogo. "Usijali mpenzi, hiyo hali ya hewa ya Dar, wateja wangu wote inawatokea. Nina dawa yake, 15,000 pamoja na usafiri." Mimi huyo nikatuma.

Ikaja chupa ya maji ya kunywa ya nusu lita, lebo imebanduliwa, gundi bado inanata mkononi. Ndani kimiminika cha bluu, ukitikisa kinatoa povu kama la sabuni ya unga. Maelekezo yalikuja kwa ujumbe wa simu: pulizia asubuhi na jioni, majani yalowe kabisa, wiki mbili. Niliiweka chini karibu na vyungu. Mwanangu ana miaka minne. Nilimkuta ameishika, anahangaika na kizibo, kwa sababu kwake ile ni chupa ya maji, na macho yake hayakukosea. Nikisimulia hapa bado moyo unaenda mbio.

Sasa tuje kwenye hayo maelekezo, maana hata kama chupani kungekuwa na maji matupu yangeua mimea vilevile. Fangasi wa madoa ya majani wanahitaji jani libaki limelowa kwa saa kadhaa ndipo mbegu zao ziote, na zinaruka toka jani hadi jani kwa matone ya maji. Kwa jasho la hewa ya Dar, kulowesha majani mara mbili kwa siku ni kuumwagilia ugonjwa. Ndani ya wiki madoa yakaungana, katikati yakabonyea, na mimea yangu minne ya zamani iliyokuwa rafu moja nayo ikaanza. Nilipomrudia akaniambia niongeze chupa ya pili. Nilipotaka hela yangu, akanizuia kila mahali.

Nikaenda Kariakoo kwenye duka la pembejeo za kilimo, nimebeba jani kwenye mfuko wa nailoni. Kijana wa kaunta alinipa somo ambalo ningelipata mapema ningekuwa na 60,000 yangu. La kwanza, hakuna dawa inayofuta doa. Hapo jani limeshakufa, kama kovu la kuungua. Dawa ya ukungu (yaani ya fangasi) kama ya kopa, ile ya madini ya shaba, au mankozebu inalinda majani ambayo bado mazima, basi. Kwa hiyo yeyote anayekuonyesha picha ya "kabla na baada" doa limeyeyuka, huyo amepiga picha jani lingine. La pili, dawa halali ina lebo yenye jina la kiambato, kipimo, tarehe ya mwisho wa matumizi na namba ya usajili. Viuatilifu nchini vinasajiliwa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea yenye makao Arusha, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020. Chupa ya maji ya kunywa haina lolote kati ya hayo.

Nilichofanya baadaye hakikuwa cha gharama. Nilitenga wagonjwa mbali na wengine, nikakata majani yenye madoa kwa wembe, nikiufuta kwa spiriti kila baada ya jani, na majani yakaenda kwenye taka, si kwenye udongo wa chungu kingine. Nilipong'oa echeveria nikakuta kituko kingine: imepandwa kwenye makumbi ya nazi yaliyoloa chepechepe, na tundu la chini la chungu limezibwa na kipande cha nailoni! Nikahamishia kwenye mchanga mkubwa uliochanganywa na kokoto ndogo na udongo kidogo. Sasa namwagilia udongo tu, asubuhi, ukishakauka mpaka chini, na vyungu nimeviachanisha ili upepo wa feni upite katikati. Kopa nilipuliza nje, nimevaa glovu, nikijaribia jani moja kwanza, kwa kipimo cha kwenye lebo.

Echeveria moja haikupona. Madoa yake yalikuwa ya majimaji, yanapenyeza mwanga, na shina likaanza kunuka. Hiyo ni bakteria, na ikishaingia kwenye shina usipoteze hela, tupa na udongo wake. Na jamani, si kila doa ni ugonjwa: baka la rangi ya mchanga upande unaopigwa na jua tu, lisiloongezeka, ni kuungua. Mimea iliyopakwa mafuta inaungua upesi zaidi, kwa hiyo unaweza kukuta umepewa vyote viwili.

Mkinunua mtandaoni, ombeni video ya mchana, mtu afute jani kwa tishu nyeupe mbele ya kamera na ainue chungu aonyeshe tundu. Wauzaji wazuri wa kando ya barabara watakuacha ugeuze jani mpaka uchoke, nimejaribu Mikocheni na hakuna aliyenuna.

Mwenye chupa ya "dawa" ya huyu muuzaji asiimwage sinki wala mtaroni. Andika SUMU juu yake, ifungie mbali na watoto. Na msitafute jina la ukurasa wake, limeshabadilika. Juzi rafiki yangu amenitumia tangazo la "mpya mjini", bei ileile, picha zilezile, na kile chungu cheupe chenye ufa ubavuni ambacho hata mimi nilikipenda.