Kozi ya Historia ya Falsafa ya Magharibi: kaa kimya, utafaulu

Chuo sikitaji, mhadhiri simtaji, na tuliosoma pamoja mnajua nazungumzia nini. Ni ile kozi ya mwaka wa kwanza inayokutoa kwa Thales, Mgiriki wa kale anayehesabiwa mwanafalsafa wa kwanza, ikakufikisha kwa Kant, Mjerumani wa karne ya kumi na nane, ndani ya muhula mmoja, mbio mbio, kama basi la usiku lisilosimama vituoni. Mkinilazimisha kutoa nyota leo natoa moja, na hiyo ni ya Plato.

Ilikuwa katikati ya muhula, kwenye semina, tumefika kwa Descartes, mwanafalsafa Mfaransa wa karne ya kumi na saba. Mhadharani tulishaelezwa kwamba katika kitabu chake cha Tafakuri cha 1641 aliigawa dunia mafungu mawili: nafsi, ambayo kazi yake ni kufikiri na haina urefu wala upana, na mwili, ambao unajaza nafasi lakini haufikiri chochote. Nikanyoosha mkono. Nikauliza: sasa Dokta, kama nafsi haina hata pa kugusia, huu mkono wangu umenyanyuliwa na nini? Wenzangu wakacheka kidogo, si kwa ubaya. Yeye hakucheka. Akavua miwani, akanitazama, akasema: "Binti, hapa hatufanyi falsafa. Tunasoma historia ya falsafa. Swali lako halimo kwenye mtihani." Akageukia slaidi inayofuata.

Utani wa wenzangu kuhusu Socrates, yule mzee wa Athens aliyenyweshwa kikombe cha sumu baada ya kuwauliza watu maswali mengi, siurudii hapa. Uliisha makali siku ileile, mlangoni, kabla hatujatawanyika.

Nilijaribu kumtetea moyoni. Labda amechoka, nikasema, semina ya jioni, watu wamebanana mpaka madirishani. Lakini muda si mrefu mtu huyohuyo aliyechoka akapata nguvu za kutusimulia jinsi malkia Christina wa Sweden alivyomwamsha Descartes saa kumi na moja alfajiri, kwenye baridi kali, aje kumfundisha, mpaka homa ya mapafu ikamuua Stockholm mwaka 1650. Akasimulia kwa raha zake, na mikono juu. Kumbe muda ulikuwepo.

Kilichonichoma hasa nilikikuta baadaye maktaba. Mei 1643, Elisabeth, binti wa mfalme aliyepoteza kiti cha Bohemia, akiwa uhamishoni The Hague na umri wa miaka 24, alimwandikia Descartes barua akimuuliza swali lilelile: kitu kisicho na umbo kinausukumaje mwili? Na Descartes hakumwambia halimo kwenye mtihani. Alimjibu kwamba kwa yote aliyokwisha kuchapisha, hilo ndilo swali ambalo watu wana haki zaidi ya kumuuliza. Kisha akajikanyaga, kwa sababu jibu hana. Akaleta habari za uzito, kwamba tunauwaza ukilivuta jiwe chini bila kugusana nalo. Elisabeth hakukubali. Mwezi uliofuata akamwandikia kwamba ni rahisi kwake kuipa nafsi umbo na ukubwa kuliko kuamini kwamba kisicho na umbo kinaweza kusukuma mwili. Mwaka 1644 Descartes alimtabarukia kitabu kizima mwanamke huyu. Kwenye slaidi zetu jina lake halimo kabisa! Malkia wa saa kumi na moja alfajiri yumo.

Basi nikaendelea kuchimba, hasira ina faida zake. Nikamkuta Anton Wilhelm Amo, mtoto wa pwani ya Ghana ya leo, aliyepelekwa Ulaya akiwa mdogo na Kampuni ya Kiholanzi ya India Magharibi, akakulia kwenye nyumba ya mtawala wa Wolfenbüttel, Ujerumani, akaja kuandika tasnifu ya Kilatini Wittenberg mwaka 1734. Humo anamnukuu Descartes, maneno yaleyale aliyomjibu Elisabeth, kwamba nafsi ikiungana na mwili hutenda na kutendwa pamoja nao, kisha anasema wazi kwamba hakubaliani naye. Kwa Amo nafsi haitendwi kitu na mwili, na kuhisi ni kazi ya mwili peke yake. Sasa hiyo si historia ya falsafa? Barua ya 1643, tasnifu ya 1734, zina tarehe, zina wino, zote zinafuata swali moja. Historia gani nyingine alikuwa akiitaka?

Kwa haki ya Mungu, mihadhara yake ya mwanzo ilikuwa mizuri. Siku aliposoma utetezi wa Socrates mahakamani, kama ulivyoandikwa na mwanafunzi wake Plato, pale mzee anapoulizwa apewe adhabu gani naye anapendekeza alishwe bure kwa gharama za mji, ukumbi mzima uliangua kicheko, na mimi niliondoka nimeamua nisome Plato yote. Ndiyo maana nimeumia. Asiyejua kazi ungemsamehe.

Kwa mnaouliza kama mchukue: mkitaka kufaulu tu, tafuteni madesa ya mwaka juzi, hayajabadilika hata nukta, mtapita bila kumsoma mtu hata mmoja. Mkitaka kujifunza, chukueni vilevile, ila semina kaeni nyuma na maswali yenu muyapeleke maktaba. Au msichukue. Sijui. Jana ningewaambia msichukue.

Mtihani ulipokuja, kwenye yale maswali ya kuchagua herufi, mojawapo liliuliza Descartes alifia mji gani. Nilipata.

Sehemu ya pili ya kozi inaanzia kwa Hegel, Mjerumani aliyekuja baada ya Kant, anafundisha yuleyule, na semina ni jioni ileile. Nimeshajiandikisha.